Kupanda na Kutunza Miti Michanga Mjini: Mwongozo wa Miaka Mitatu ya Kwanza

Mche uliotoka kitaluni ukiwa na afya njema, kisha ukafa katika mwaka wa pili baada ya kupandwa kando ya barabara, kwa kawaida haukuuawa na jua wala wadudu. Ukiuchimbua, mara nyingi utaikuta sababu chini ya ardhi: sehemu ya chini ya shina imefukiwa sentimita 10, mizizi bado ina umbo la kiriba ilimokulia, au kuta za shimo ni ngumu kiasi kwamba hakuna mzizi hata mmoja uliopenya. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kueleza ardhi, kina cha kupandia na maji, na nafasi ndogo kueleza mbolea na dawa, ambazo watu huziulizia kwanza ilhali mti mchanga huzihitaji mwisho kabisa.

Maelezo haya yanamfaa anayepanda mti mmoja mbele ya nyumba, na pia aliyepewa jukumu la kupanda safu ya miti mtaani, shuleni au kwenye maegesho ya magari. Taratibu ni zilezile. Kinachotofautiana ni wingi wa maji na idadi ya watu wa kuyabeba.

Ardhi ya mjini ilivyo

Picha ya mti wenye mzizi mmoja mrefu unaozama chini kama kigingi imewapotosha wengi. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti uliokomaa hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo, na ile myembamba inayofyonza maji na virutubisho hukaa juu zaidi, katika sentimita 30 hivi za mwanzo. Badala ya kuzama, mizizi hutambaa kando, na ikipata nafasi huenea mbali kuliko ncha za matawi, hata mara mbili au tatu ya upana wa kivuli cha mti.

Tabaka hilo la juu ndilo linaloharibiwa mjini. Wakati wa ujenzi huondolewa, huchanganywa na kifusi, kisha hushindiliwa na magari na mashine ili lami au vigae visibonyee. Udongo ulioshindiliwa hupoteza vinafasi vidogo vinavyohifadhi hewa na maji, na mizizi, ambayo hupumua kama viungo vingine vya mmea, hukosa oksijeni hata pale ambapo maji yapo. Wataalamu hupima hali hii kwa uzito wa udongo mkavu katika ujazo maalumu: udongo wa tifutifu ukifikia takriban gramu 1.6 kwa kila sentimita moja ya ujazo, mizizi mingi hushindwa kupenya, na udongo wa mfinyanzi huwa kikwazo hata kabla ya kufikia kiwango hicho. Huhitaji maabara ili kulitambua tatizo hili. Chukua nondo nyembamba, siku moja au mbili baada ya mvua, uisukume ardhini kwa mkono. Ikikwama katika sentimita chache za mwanzo sehemu nyingi unazojaribu, mizizi nayo itakwama.

Kifusi kina madhara mengine yasiyoonekana haraka. Saruji na chokaa huongeza ualkali wa udongo, na katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma hubaki ardhini katika hali ambayo mizizi ya aina nyingi za miti haiwezi kuyafyonza. Majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na mwenye mti hununua mbolea ya kila aina bila mafanikio, kwa kuwa chuma hakijakosekana udongoni bali kimefungiwa.

Jambo la mwisho kuhusu ardhi, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote, ni ujazo wa udongo ambao mti utaweza kuutumia maishani mwake. Makadirio yanayotumiwa na wasanifu wengi wa mandhari ni mita za ujazo 0.6 za udongo mzuri kwa kila mita ya mraba ya kivuli kinachotarajiwa. Mti unaotarajiwa kuwa na kivuli chenye kipenyo cha mita 6 hufunika takriban mita za mraba 28, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 17 hivi. Shimo la mita moja kwa mita moja kwa mita moja lililozungukwa na zege pande zote linatosha kivuli ambacho kipenyo chake hakifikii hata mita moja na nusu. Ikiwa hilo ndilo shimo ulilonalo, una mambo mawili ya kuchagua: kulipanua liwe mfereji mrefu unaohudumia miti kadhaa kwa pamoja, au kupanda mti mdogo na kuridhika nao.

Kuchagua mahali

Kabla ya kuishika sururu, tazama juu, chini na pembeni. Juu kuna nyaya za umeme: chini yake panda tu mti ambao hata ukikomaa hautazidi urefu wa mita 6 hivi, kwa kuwa mti mrefu uliowekwa hapo utakatwa kichwa kila mwaka mpaka ufe au uwe hatari. Chini kuna mabomba ya maji, mifereji ya majitaka na nyaya, hivyo waulize wanaozihudumia zimepita wapi kabla ya kuchimba. Pembeni kuna kuta, njia za waenda kwa miguu, na macho ya madereva wanaohitaji kuona makutano na alama za barabarani. Kama eneo si lako, pata kibali kwa maandishi. Nimeona safu nzima ya miti ya miaka miwili iking'olewa kwa sababu aliyeipanda alitosheka na ruhusa ya mdomo.

Kisha pima jinsi maji yanavyopotea ardhini. Chimba shimo lenye kina na upana wa sentimita 30, lijaze maji, uyaache yapotee yote, halafu lijaze tena na upime kwa rula maji yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka sentimita 2 hadi 10, mahali hapo panafaa miti mingi. Yakishuka chini ya sentimita moja, ardhi hutuamisha maji, nawe utalazimika kuchagua mti unaovumilia unyevu, au kupanda juu ya tuta pana. Yakitoweka kwa kasi kubwa, udongo ni wa kichanga na ratiba yako ya kumwagilia italazimika kuwa ya karibu zaidi. Jaribio hili huchukua nusu siku, lakini kwa safu ya miti 20 ni nusu siku yenye faida kuliko kazi nyingine yoyote utakayoifanya.

Aina ya mti

Hakuna mti mmoja wa mjini unaofaa kila mahali, na orodha za "miti bora" husomwa vizuri na kutumika vibaya. Maswali ya kujiuliza ni machache. Mti utakuwa na urefu na upana gani ukikomaa? Matawi yake huvunjika kwa urahisi kwenye upepo? Mizizi yake ina tabia ya kuinua vigae? Matunda yake yatachafua njia au kuharibu magari? Je, unavumilia ukame pale ambapo hakuna atakayeumwagilia baada ya miaka mitatu? Miti ya asili ya eneo husika huwa chaguo la kwanza la busara, kwa kuwa ndege na wadudu waliopo wanaitegemea, lakini asili peke yake haitoshi: mti uliozoea bonde lenye unyevu hautapenda kando ya ukuta unaorudisha joto la jua mchana kutwa.

Anayepanda miti mingi ana swali la ziada, nalo ni uanuwai. Mnamo 1990 mtaalamu wa Kimarekani Frank Santamour alipendekeza kwamba katika miti ya mji spishi moja isizidi asilimia 10, jenasi moja (kundi la spishi za karibu) isizidi asilimia 20, na familia moja (kundi la jenasi za karibu) isizidi asilimia 30. Pendekezo hilo halikutoka hewani. Katika karne ya 20 ugonjwa wa kuvu uliangamiza mamilioni ya miti ya jenasi ya Ulmus iliyokuwa imepandwa safu kwa safu katika miji ya Ulaya na Amerika Kaskazini, na nafasi nyingi zilizobaki wazi huko Marekani zikajazwa na miti ya Fraxinus. Mwaka 2002 mbawakawa mdogo wa kijani kutoka Asia aligunduliwa katika jimbo la Michigan, na tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti hiyo nayo. Ukiwa na nafasi 30 za kupanda, safu ya spishi moja itapendeza kwenye picha, lakini spishi nne au tano zitakuachia miti hata mwaka mbaya ukifika.

Kuchagua mche

Mche mkubwa huvutia mnunuzi, lakini mche wa wastani hushika haraka zaidi, na baada ya miaka michache mara nyingi humpita mwenzake uliokuwa mrefu siku ya kupandwa. Sababu ni uwiano kati ya majani na mizizi: mti mkubwa uliochimbwa shambani huacha nyuma sehemu kubwa ya mizizi yake, na hutumia miaka kadhaa kuirudisha kabla ya kuanza kukua tena kwa nguvu.

Ukiwa kitaluni, shika shina ulitikise kidogo. Shina na bonge la udongo vinapaswa kwenda pamoja. Shina likicheza ndani ya udongo uliotulia, mizizi ni dhaifu. Tafuta shina moja kuu lililo nene chini na kupungua unene kuelekea juu, lisilo na michubuko. Epuka mche uliogawanyika na kuwa na vilele viwili vinavyolingana, kwa kuwa njia panda ya namna hiyo ndiyo inayopasuka upepo mkali unapovuma miaka 15 baadaye. Halafu mwombe mwenye kitalu auchomoe mche mmoja kutoka kwenye kiriba au chombo chake. Mizizi mizuri huwa na rangi ya kung'aa na hutazama nje. Mizizi iliyooza huwa myeusi, laini, na hutoa harufu mbaya. Mzizi mnene unaolizunguka shina kama kitanzi ni sababu tosha ya kuukataa mche huo, hata ukiwa na majani mazuri namna gani, kwa maana mzizi huo utaendelea kunenepa, na shina nalo litanenepa, mpaka mmoja umkabe mwingine.

Uliza pia kama miche imekomazwa, yaani imezoeshwa jua kamili na kupunguziwa maji kidogo kidogo kwa wiki chache. Mche uliotoka moja kwa moja chini ya kivuli cha wavu huungua majani siku ya pili tu.

Siku ya kupanda

Mahali penye misimu ya mvua, panda mvua zikishaanza na ardhi ikishalowa kwa kina, ili mche upate wiki nyingi za unyevu kabla ya kiangazi. Mahali penye majira ya baridi, panda mti ukiwa umelala, baada ya majani kupukutika au kabla machipukizi hayajafunguka. Siku yenyewe, chagua jioni au siku ya mawingu, na hakikisha bonge la mche limenyweshwa vizuri tangu siku iliyotangulia; bonge kavu likishafukiwa ni vigumu sana kulilowesha tena.

Kwanza tafuta shingo ya mzizi, yaani mahali shina linapopanuka na kugawanyika kuwa mizizi ya kwanza. Usidhani kwamba iko usawa wa udongo wa kiriba. Vitaluni miche huhamishwa mara kadhaa, na kila mara udongo huongezwa juu, hivyo si ajabu kuikuta shingo sentimita 5 au zaidi chini. Ondoa udongo wa juu kwa vidole mpaka uione. Baada ya hapo pima urefu kutoka shingo hadi chini ya bonge: hicho ndicho kina cha shimo lako, wala usikiongeze.

Upana ni suala jingine. Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya bonge, likiwa na kingo zinazolala kama sahani badala ya kusimama wima kama ndoo. Chini ya bonge ardhi ibaki kama ilivyo, ngumu na bila kuchimbuliwa, ili mti usizame; pembeni iwe tifutifu, kwa kuwa huko ndiko mizizi itakakoelekea. Katika mfinyanzi, chepe hulainisha kuta za shimo zikang'aa kama chungu kilichosuguliwa. Zikwaruze kwa uma wa bustani au ncha ya sururu. Toa mawe, vipande vya saruji, plastiki na misumari. Ukikuta kwamba eneo zima ni kifusi, usijidanganye kwa kujaza udongo mzuri kwenye shimo dogo tu. Ondoa kifusi katika eneo lote unaloliweza, hata kama hiyo itamaanisha kupanda miti 6 badala ya 10.

Kata kiriba kwa kisu kuanzia juu hadi chini na ukiondoe chote. Bado kuna wanaotoboa kiriba chini na kukifukia na mche, kwa imani kwamba mizizi itajitafutia njia. Hutoka michache, mingine hujizungusha ndani mpaka mti ukwame. Bonge lililofungwa kwa gunia na waya nalo lifunguliwe likishakaa shimoni, na angalau nusu ya juu ya gunia na waya ikatwe na kuondolewa, pamoja na kamba yoyote iliyofungwa kwenye shina. Mizizi inayozunguka ukingo wa bonge inyooshwe kwa mkono, na isiyonyooka ikatwe. Kwa mche uliokaa muda mrefu kwenye chombo, kunyoa sentimita 2 hadi 3 za pembeni mwa bonge zima kwa msumeno au kisu kikali ni kitendo kinachotisha macho, lakini mizizi mipya huchipuka kwenye mikato hiyo ikielekea nje.

Uweke mche shimoni ukiushika kwa bonge, si kwa shina. Laza ubao ulionyooka juu ya shimo, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na uangalie kama shingo ya mzizi iko usawa wa ubao au juu yake kwa sentimita 2 hadi 5. Ikiwa iko chini, toa mche, rudisha udongo, ushindilie na upime tena. Hatua hii ndogo ndiyo inayotofautisha upandaji mzuri na mbaya kuliko nyingine zote. Shina lililofukiwa hukaa katika unyevu daima, gome lake huoza, na mizizi hukosa hewa. Mti hauanguki papo hapo, bali hudumaa miaka mitatu au mitano bila mtu kujua kwa nini.

Simama mbali kidogo utazame kama umenyooka kwa pande mbili, kisha rudisha udongo uleule uliotoka shimoni, ukivunja mabonge. Hapa najua nitapingwa na wengi waliofundishwa kulijaza shimo samadi na mboji. Kwa mazao ya msimu ni jambo jema, lakini kwa mti lina kasoro mbili: viumbe hai vya udongoni huendelea kula mboji, udongo huteremka na mti huzama nao; na mizizi inapokutana na ukuta kati ya udongo laini wenye rutuba na ardhi ngumu ya nje, hurudi ndani na kuanza kuzunguka kana kwamba ingali kwenye kiriba. Kama una mboji nzuri, itandaze juu ya ardhi katika eneo pana, minyoo itaishusha polepole.

Usikanyage udongo kwa kisigino. Ujaze nusu, mwaga maji utulie, ujaze tena, kisha umwagilie. Zungusha ukingo mdogo wa udongo wenye kimo cha sentimita 8 hadi 10 nje kidogo ya bonge, ili maji yakae na kuzama badala ya kutiririka barabarani.

Maji

Katika miezi ya kwanza mti mchanga hauwezi kunywa maji yaliyo nje ya bonge lake, hata ardhi ya jirani ikiwa na unyevu, kwa kuwa mizizi haijafika huko. Ndiyo maana mti huweza kunyauka katikati ya bustani yenye majani mabichi. Maji yamwagwe juu ya bonge lenyewe kwanza, na eneo lipanuliwe kidogo kidogo kadiri miezi inavyopita.

Kwa mche wa urefu wa mita 1.5 hadi 2, anza na lita 15 hadi 20 kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki mbili za kwanza, mara mbili kwa wiki mpaka mwezi wa tatu, na baada ya hapo mara moja kwa wiki hadi mwaka utimie, isipokuwa mvua ya kutosha iwe imenyesha. Katika mwaka wa pili na wa tatu, mwagilia nyakati za ukame tu, kila wiki mbili, lakini kwa kiasi kikubwa zaidi na katika eneo pana zaidi. Mti mkubwa unahitaji zaidi: kadirio linalotumika sana ni lita 40 kwa wiki kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo cha shina. Udongo wa kichanga hutaka kiasi kidogo kwa vipindi vya karibu, na wa mfinyanzi hutaka kiasi kikubwa kwa vipindi vya mbali.

Hizo ni namba za kuanzia tu. Kipimo cha kweli ni kidole chako: chimbua bonge kwa sentimita 5 hadi 10 kabla ya kumwagilia. Udongo ukishikamana na kuwa na ubaridi, acha, ukimomonyoka, mwagilia. Watu huua miti kwa maji mengi karibu sawa na wanavyoiua kwa kiu, na dalili zake hufanana, kwa maana mizizi iliyokosa hewa haiwezi kunyanyua maji, na majani hunyauka huku udongo ukiwa tope. Anayeona kunyauka na kukimbilia ndoo bila kugusa udongo huumalizia mti wake.

Maji yanapaswa kuingia polepole. Dumu la lita 20 lililotobolewa matundu mawili madogo kwa msumari karibu na kitako, likawekwa kando ya shina, huachia maji kwa muda mrefu bila kutiririka, na linamfaa mtu anayehudumia miti mingi: hupita akiyajaza madumu na kuendelea na safari. Lisogeze upande mwingine kila mara ili mizizi isinyweshwe upande mmoja. Kunyunyizia kidogo kila siku hulowesha uso wa ardhi tu, na mizizi hubaki juu inakochomwa na jua.

Matandazo

Vipande vya mbao, magome, majani makavu au nyasi zisizo na mbegu vinafaa. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10 katika duara lenye kipenyo cha mita moja au zaidi. Kadiri linavyokuwa pana ndivyo bora. Matandazo hupunguza uvukizi, hupoza ardhi, huzuia magugu, na kwa kuoza kwake hurejesha uhai katika udongo uliochoka. Jambo la kuangalia ni kwamba yasiguse shina: acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 pande zote. Ule mlima wa matandazo unaopandishwa kwenye shina kama kichuguu, ambao huonekana nadhifu, huweka gome katika unyevu na huwapa mchwa na panya ngazi ya kupandia.

Duara hilo lina kazi nyingine, ya kuzuia mashine ya kukatia nyasi isifike kwenye mti. Chini ya gome la mti mchanga, milimita chache tu ndani, ndiko kuna tabaka hai linalotengeneza gome na mbao mpya, pamoja na njia za kupitishia chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Uzi wa mashine unaozunguka kwa kasi hulikata bila aliyeishika kujua, na jeraha likilizunguka shina lote, mti umekufa hata kama majani yatabaki kijani kwa miezi.

Nguzo na uzio

Mche unaoweza kusimama peke yake usifungwe kwenye nguzo. Shina linapoyumba kwa upepo hujenga unene chini na kuchochea mizizi ya kushikilia. Shina lililofungwa tuli hurefuka likiwa jembamba. Pale ambapo upepo ni mkali, au bonge ni dogo kuliko majani, simika nguzo mbili nje ya bonge, mmoja kila upande, na ufunge kwa mkanda mpana na laini, kama ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, katika theluthi ya chini ya shina, ukiacha uhuru wa kuyumba kidogo. Waya haufai, hata ukivishwa mpira. Andika tarehe ya kufungua, isizidi mwaka mmoja, kwa sababu mkanda uliosahauliwa huzama kwenye gome na kulikaba.

Kama kuna mifugo, watoto wanaocheza au magari yanayorudi nyuma, weka uzio wa wavu wenye nafasi ya kutosha ili matawi yasisuguane nao, na mti unaponenepa, uupanue uzio huo au uuondoe.

Kupogoa

Siku ya kupanda, kata tu yaliyovunjika, yaliyokufa na yanayosuguana. Kama kuna vilele viwili, chagua kimoja na kifupishe kingine. Zamani ilishauriwa kupunguza theluthi ya majani ili "kuusaidia" mche. Ushauri huo umeachwa, kwa kuwa majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha kujengea mizizi.

Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu anza kulijenga umbo. Dumisha shina moja kuu linaloongoza, na matawi yanayoshindana nalo yafupishwe kabla hayajawa manene. Yaache kwa muda matawi ya chini, ukiyafupisha tu, kwa sababu hulinenepesha shina na kulikinga na jua. Yataondolewa machache kila mwaka mpaka kimo kinachohitajika kwa wapita njia kipatikane, kama mita 2.5 juu ya njia ya miguu. Kila wakati theluthi mbili za juu za mti zibaki na majani, na kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo yake. Kuukata mti kichwa ili "uchanue" huzalisha vichipukizi vingi vyenye mshiko dhaifu, na kazi ya miaka yote huharibika kwa dakika moja.

Tazama mahali tawi linapotoka shinani: kuna uvimbe kama kola. Kata nje kidogo ya uvimbe huo, bila kuuchubua na bila kuacha kisiki. Tawi zito likatwe mara tatu: mkato mfupi chini yake, mbali na shina, wa pili juu, mbali zaidi kidogo, ili lianguke bila kuchana gome, na wa mwisho kwenye kola. Usipake rangi wala lami. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili kuyachunguza majeraha yake, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponyi kidonda kama mnyama, bali hukizingira kwa kuta za ndani na kukifunika kwa mbao mpya; rangi haizuii uozo, na wakati mwingine hutunza unyevu unaoukuza.

Mbolea na dalili za kuangalia

Mwaka wa kwanza usiweke mbolea ya chumvichumvi. Hulazimisha majani ambayo mizizi haiwezi kuyanywesha, na katika udongo mkavu huunguza. Baadaye, itumie tu ikiwa vipimo vya udongo vimeonyesha upungufu.

Majani yanayokauka kingo kwa kawaida yana kiu, au yamepata chumvi. Njano yenye mishipa ya kijani ni suala la ualkali lililoelezwa hapo juu. Wadudu wachache wanaotoboa majani si dharura; utomvu au unga wa mbao unaotoka kwenye vitundu vya shina unastahili kuonwa na mtaalamu. Ukiwa na shaka kama mti ungali hai, kwaruza gome la kitawi kwa ukucha: likiwa kijani na lenye unyevu chini yake, endelea kumwagilia, likiwa kahawia na kavu, jaribu chini zaidi kabla ya kukata tamaa.

Mwaka wa tatu

Kufikia hapa nguzo zimeshatolewa, ukingo wa udongo umesawazishwa ili usije ukaifunika shingo ya mzizi, na duara la matandazo limepanuliwa. Punguza maji hatua kwa hatua badala ya kuyakatiza ghafla. Pima urefu wa vichipukizi vya mwaka huo kwenye ncha za matawi na uulinganishe na wa mwaka uliopita. Mti ulioshika huonyesha ongezeko bila kubembelezwa.

Mti ambao kwa misimu miwili ya ukuaji haujatoa chochote isipokuwa majani machache madogo usiuonee huruma sana, wala usikimbilie kupanda mwingine palepale. Uchimbue kwa uangalifu, osha mizizi kwa maji, na uitazame kabla ya kuitupa. Ikiwa bado ina umbo la kiriba, tatizo lilikuwa mche au jinsi ulivyoandaliwa. Ikiwa imeoza, rudia jaribio la maji. Ikiwa ilinyooka ikafika ukingo wa shimo na kugeuka, ni shimo linalohitaji kupanuliwa kabla mche wa pili haujanunuliwa.